KIANGAZI SI JIBU LA KILA SWALI

Ndugu Wafanyakazi,

Katika mabaraza yetu siku hizi, kuanzia viwandani Mbarara hadi mashamba ya chai ya Bushenyi na Buhweju, na hata Nakivale wanakotoka baadhi ya ndugu zetu vibarua, kuna ubishi usiokwisha. Je, ni kweli kwamba hali ya hewa ya dunia inabadilika, na kwamba binadamu ndiye anayeibadilisha? Wako wanaosema ni kweli. Wako wanaosema ni kazi ya Mungu. Wako pia wanaosema ni hadithi ya Wazungu, iliyotungwa ili Mwafrika asichimbe mafuta yake wala asijenge viwanda. Chama hakiwezi kunyamaza juu ya jambo hili, maana linagusa mshahara.

Kwanza tuelewane: mwenye shaka si adui. Mfanyakazi amedanganywa mara nyingi, na anayekubali kila neno la nyapara hawezi kuwa mwanachama imara. Lakini shaka ya haki hupima pande zote mbili. Haifai kumkatalia mtaalamu anayepima hewa, kisha kumwamini bila swali tajiri anayeuza mafuta. Basi tuzichukue hoja moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza husema: ukame na mafuriko vilikuwapo tangu zamani. Hiyo ni kweli. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zilipandisha Ziwa Victoria zaidi ya mita 2. Mwaka mmoja wa mvua au wa jua hauthibitishi kitu. Lakini viko vitu visivyobadilika kwa msimu mmoja. Tazama barafu ya milima ya Rwenzori. Mwaka 1906 ilifunika eneo la kilomita za mraba 6 na nusu hivi. Kufikia mwaka 2003 haikuzidi kilomita 1 ya mraba. Barafu haina siasa, wala haipokei posho ya semina. Na vipimo vya dunia nzima vinasema hivyo hivyo: mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopata kupimwa.

Hoja ya pili huuliza: hata kama joto limezidi, nani ajuaye kwamba ni mkono wa mtu? Swali zuri. Mtaalamu wa Uswidi, Svante Arrhenius, alipiga hesabu mwaka 1896 akaonyesha kwamba hewa ya ukaa, ile itokayo katika moto wa makaa ya mawe na mafuta, huizuia dunia kupoa kama blanketi linavyomzuia mtu aliyelala. Kabla ya viwanda vikubwa, hewa hiyo ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni moja. Leo imepita 420. Imekuwa ikipimwa juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii tangu mwaka 1958, yaani tangu miaka ile ile ambayo Nakivale ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda. Tena ukaa wa makaa ya mawe na mafuta ni wa kale mno na una alama yake, hivyo wataalamu huutambua kama sisi tunavyotambua ng'ombe wa jirani. Jua nalo limepimwa kutoka angani kwa zaidi ya miaka 40: halikuongezeka ukali, ilhali joto la dunia limezidi kupanda. Mshitakiwa jua ameachiwa huru. Mshitakiwa moshi ushahidi umemkalia.

Hoja ya tatu husema ni hila ya Wazungu. Hapa, ndugu zangu, mambo yamegeuzwa juu chini. Wataalamu wa kampuni ya mafuta ya Exxon, huko Marekani, walikwisha kukadiria vizuri ongezeko la joto tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Lakini kwa miaka mingi kampuni hiyo ilieneza shaka mbele ya watu. Kwa hiyo shaka hii ilikuwa na wafadhili wenye fedha nyingi, na hawakuwa wachuma chai. Bara zima la Afrika hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa itokayo katika mafuta na makaa ya mawe ya dunia. Mwenye deni ni nani basi? Anayesema hakuna mabadiliko anachana hati ya deni ambalo sisi ndio tunaodai.

Na kwa ndugu wanaosema ni kazi ya Mungu: hatubishani na imani ya mtu. Mungu ndiye mwenye mvua. Lakini aliyekausha kinamasi ana jembe mkononi, na jembe hilo lilinunuliwa dukani.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ni zito zaidi kwetu. Zamani matajiri walisema hakuna mabadiliko yoyote. Leo baadhi yao wamejifunza wimbo mpya. Ukidai nyongeza, jibu ni hali ya hewa. Ukiuliza kwa nini mmepunguzwa kazi, jibu ni hali ya hewa. Kiangazi kimekuwa mganga wa kila ugonjwa wa mwajiri. Mfanyakazi asiyejua chochote atashindwa kuwajibu. Mfanyakazi aliyejifunza atauliza: ni kiasi gani kimeletwa na mvua, na kiasi gani kimeletwa na maamuzi ya watu?

Mfano tunao. Miaka ya 2005 na 2006 Ziwa Victoria lilishuka sana, umeme ukakatwa nchi nzima, viwanda vikasimama. Tuliambiwa ni ukame. Ukame ulikuwapo, ndiyo. Lakini ilidhihirika pia kwamba mabwawa ya umeme ya Jinja yalikuwa yakitoa maji mengi kuliko kiasi kilichokubaliwa tangu miaka ya 1950. Sababu zilikuwa mbili, iliyotangazwa ikawa moja.

Mto wetu Rwizi ni hivyo hivyo. Unatoka katika milima ya Buhweju, unapita Mbarara ambako mji mzima unakunywa, kisha unaelekea kwenye maziwa ambamo Mburo na Nakivale yamo. Mvua ikikosekana mto hupungua. Lakini vinamasi vilivyokuwa vikiyahifadhi maji kama sponji vimekaushwa na kulimwa, kingo zimefyekwa, na mchanga umechimbwa. Tukiyatupia yote haya mabadiliko ya dunia, waliokausha vinamasi watalala usingizi mzuri.

Wako vilevile wanaomtupia mkimbizi yote. Husema Nakivale ndiyo iliyomaliza miti ya Isingiro. Ni kweli kuni zimekatwa, na palipojaa watu zaidi ya laki moja kila mmoja hupika. Lakini makaa yanayochomwa vijijini hupikia mijini, na mkimbizi hakuchora ramani ya mashamba yaliyofyeka malisho. Ukame wa mwaka 2016 ulipoiunguza migomba ya Isingiro haukumwuliza mtu kitambulisho. Mwenyeji na Mkongomani, Mrundi na Msomali, wote walinunua unga kwa bei moja. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Anayemfanya kibarua wa bei rahisi asubuhi na mbuzi wa kafara jioni anatugawa ili atutawale.

Tufanye nini? Napendekeza matawi yote yazungumze juu ya mambo haya:

1. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Kiangazi kikizidi, majani hupungua na posho hupungua. Mkataba wa pamoja uweke malipo ya chini ya siku kwa miezi ya ukame, ili hasara ya mvua isibebwe na mgongo mmoja tu.

2. Kiwanda kikisimama kwa kukosa maji au umeme, mkataba useme nani analipwa nini. Mwajiri anayetaja hali ya hewa alete vitabu vyake vya maji na vya uzalishaji mezani, tuvisome pamoja.

3. Kwa wanaofanya kazi juani: maji safi ya kunywa, kivuli, na mapumziko saa za jua kali. Hii si hisani, ni usalama kazini.

4. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2021 inamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu dhidi ya serikali au mtu binafsi anayehatarisha juhudi za kukabiliana na mabadiliko hayo. Viongozi wa matawi waisome, na wabunge wa wafanyakazi watueleze inatekelezwaje.

5. Na sisi wenyewe tusiwe wa kudai tu. Tuache kulima hadi ukingoni mwa mto. Tupande miti ya asili penye chemchemi, si mikaratusi inayonyonya maji. Tutumie majiko yanayokula kuni chache. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwanachama ambaye bado ana shaka asikae nayo nyumbani. Ailete kwenye mkutano wa tawi, aulize, ajibiwe kwa vipimo na si kwa makelele. Kisha wote pamoja, wenye shaka na wasio na shaka, tukamwulize mwajiri yale maswali ya mkataba. Pale hatuna sababu ya kutofautiana, kwa sababu jua linalomchoma mmoja wetu shambani ndilo linalotuchoma sote.

Umoja ni nguvu.