ANAYETENGENEZA EKZOSI NI FUNDI: ALIPWE KAMA FUNDI

Ndugu Wafanyakazi,

Mjini Nairobi siku hizi gari lenye turbo si ajabu tena. Piteni Kirinyaga Road, ambayo wazee wetu bado huiita Grogan, au piteni Kariobangi kwenye karakana ndogo ndogo, mtasikia Subaru zikinguruma. Wenye magari hayo hawaridhiki na ekzosi iliyotoka kiwandani. Wanataka bomba pana zaidi, manifoldi mpya, na bomba la kutoka kwenye turbo lililokatwa na kuchomelewa kwa kipimo cha gari hilo moja tu. Kazi hiyo hufanywa na vijana wetu, pamoja na wenzetu walioachishwa kazi reli ilipokodishwa kwa kampuni binafsi mwaka 2006, wakaenda na ufundi wao mitaani. Kwa hiyo jambo hili latuhusu sisi watu wa reli.

Matajiri wa gereji wana neno lao. Wanasema: "Huyu ni mtu wa kuchomelea tu. Hana cheti. Anaunga bomba la moshi, hagusi injini." Kwa neno hilo humlipa ujira wa kibarua, huku mwenye gari akitozwa maelfu ya shilingi kwa kazi ya fundi. Sisi twasema neno hilo ni uongo, na twalivunja kwa kazi yenyewe.

Kwanza, ekzosi ya turbo si njia ya kutupa moshi tu. Moshi huo ndio unaoifanya turbo kazi. Sisi hatushangai, maana katika injini ya mvuke, mvuke uliokwisha kusukuma pistoni ulipulizwa kwenye dohani, ukavuta hewa kupitia motoni, na moto ukawaka zaidi. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha uvumbuzi wa kutumia moshi wa injini kuzungusha gurudumu la kusukuma hewa ndani ya injini ile ile. Katika gari dogo gurudumu hilo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Sasa fikirini: tone moja la chuma lililobaki ndani ya manifoldi likang'oka na kuligonga gurudumu hilo, turbo imekwisha. Je, mtu anayehakikisha kwamba ndani ya bomba hamna hata tone moja, huyo ni kibarua?

Pili, kuna joto. Injini ya petroli yenye turbo ikikazwa, moshi wake waweza kufika digrii 900 za Selsiasi. Twajua sote kwamba chuma kikipata joto hurefuka. Ndiyo sababu njia za reli za zamani ziliachiwa nafasi kwenye maungio. Bomba la stenlesi la mita 1 likipanda joto kwa digrii 600 hurefuka kwa sentimita 1 hivi. Asiyejua hulikaza pande zote mbili, na halikawii kupasuka. Ajuaye huweka kiungo chenye kunyumbuka. Huitegemeza turbo kwa mkono wa chuma ili uzito wake usiivute manifoldi. Huifunga flanji kwa bolti juu ya bamba nene kabla ya kuichomelea ili isipinde. Stenlesi huichomelea huku gesi ya argoni ikipita ndani ya bomba pia, maana bila hiyo upande wa ndani huungua na kufanya chenga nyeusi. Tena bomba likivuja chini ya viti, hewa ya sumu isiyo na harufu yaweza kuingia ndani ya gari na kuua watu. Uhai wa abiria umo mikononi mwa huyo anayeitwa mtu wa kuchomelea tu.

Tatu, kuna afya, na hili latuchoma kuliko yote. Iko gereji tunayoijua. Tajiri wake hununua bomba lililopakwa zinki kwa sababu ni rahisi. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe. Jioni fundi hutetemeka, mwili moto, mdomoni ladha ya chuma, watu wakidhani ni malaria. Asubuhi tajiri humpa nini? Pakiti ya maziwa! Ndugu zetu, maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni. Hayakutani. Moshi wa stenlesi ni mbaya zaidi, maana una kromiamu. Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliamua kwamba moshi wa kuchomelea ni miongoni mwa vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Pakiti ya maziwa si kinga. Ni hongo ya kumfunga mtu mdomo.

Matajiri watajibu kwamba barakoa na feni ya kuvuta moshi zitapandisha bei, na kazi itakwenda kwa jirani. Twawauliza: mtu aliyenunua turbo atakimbia bei ya barakoa? Lakini na sisi tuambiane ukweli. Jirani huyo anayepunguza bei ni mwenzetu. Akikubali nusu ya ujira leo, kesho tajiri atampa mwingine robo. Twajikata wenyewe kwa msumeno wetu.

Sheria zipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimisha tajiri kutoa vifaa vya kinga. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda wa mwezi mmoja hawezi kuendelea kuhesabiwa kibarua wa siku. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na ya kujiunga na chama. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimfai mtu.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Barakoa ya mapafu, kioo cha macho, glavu na njia ya kutolea moshi katika kila gereji. Maziwa mtu atajinunulia kwa mshahara wake.

2. Bomba la zinki lisitumiwe kabisa kwa ekzosi.

3. Fundi apelekwe kwenye mtihani wa ufundi wa serikali, daraja la tatu hadi la kwanza, kwa gharama ya tajiri. Tajiri asimnyime mtu cheti kisha amlaumu kwa kukosa cheti.

4. Aliyefaulu alipwe kwa daraja lake.

Nanyi vijana wa ekzosi, msikae kila mtu na mashine yake ya kuchomelea kama kisiwa. Andikeni majina yenu, gereji kwa gereji, myalete Chamani. Chagueni msemaji mmoja kila mtaa. Patanini bei moja ya chini, na asiishuke mtu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na fundi mmoja hamshindi tajiri.

Chanda chema huvikwa pete. Chanda chetu hadi leo kimevikwa malengelenge ya moto. Sasa twaitaka pete.

Ni sisi ndugu zenu,
Wachomeleaji wa Karakana ya Reli