Clare Hakuchagua, Alisubirishwa

Leo siongelei bumu wala ratiba ya mitihani. Leo nina ugomvi na kitabu, na zaidi ya kitabu nina ugomvi na nyie mnaokililia.

Kitabu chenyewe ni The Time Traveler's Wife cha Audrey Niffenegger, Mmarekani, msanii wa picha, na hiyo ndo ilikuwa riwaya yake ya kwanza. Kilitoka mwaka 2003 kwa mchapishaji mdogo tu wa San Francisco, kikalipuka. Mwaka 2009 kikafanywa filamu, Rachel McAdams na Eric Bana. Mwaka 2022 kikawa tamthilia ya HBO, ikaishia msimu mmoja. Hapa hosteli kuna kopi moja imechoka, jalada limeshikwa na gundi, inazunguka chumba hadi chumba. Kila chumba inapotoka inaacha mtu ana macho mekundu, na kila mwenye macho mekundu anasema sentensi ileile: "Mi nataka nipendwe hivyo."

Hapo ndo ninapogoma.

Kwa ambao hamjasoma (na kama hutaki kuujua mwisho, ishia hapa hapa, usije ukanilaumu): Henry ni mkutubi wa maktaba ya Newberry, Chicago. Ana ugonjwa wa ajabu. Bila kutaka, hasa akiwa na msongo, anatoweka na kuangukia wakati mwingine, miaka iliyopita au ijayo. Anatua uchi wa mnyama, hawezi kubeba hata soksi, kwa hiyo inabidi aibe nguo, afungue makufuli, apigane. Mara nyingi anaangukia kwenye uwanja wa nyasi nyumbani kwao Clare, Michigan. Clare anamwona mara ya kwanza mwaka 1977 akiwa na miaka 6. Henry anayemwona ana miaka 36, na kule atokako tayari ni mume wake. Halafu mwaka 1991 wanakutana kwa wakati wa kawaida: Clare ana 20, anamjua huyu mtu maisha yake yote. Henry ana 28, hajawahi kumwona hata siku moja.

Wazo zuri? Zuri mno! Sibishi. Na wale kaka zetu wanaosema "hivyo ni vitabu vya kina dada kulia" wakae pembeni, sipo kambi yao. Wengi wao hawajafungua hata ukurasa wa pili. Kitabu kimesukwa. Kila kipande kina tarehe na umri wa wote wawili juu yake, wanapokezana kusimulia, Henry kisha Clare, na yote yanasemwa kama yanatokea sasa hivi. Kwa hiyo msomaji unapiga hesabu mwenyewe. Unajua jambo kabla Clare hajalijua, unaona msiba unakuja na huwezi kumwambia. Ndo maana unalia, na machozi hayo ni halali kabisa.

Swali langu ni: unalilia NINI?

Wengi mnadhani mnalilia mapenzi. Mimi nasema mnalilia mtu aliyenyimwa maisha yake taratibu, na mmelipa jambo hilo jina la mapenzi.

Tuanze na uchaguzi. Clare alimchagua Henry lini? Hebu nitajieni ukurasa. Akiwa msichana tu anajua kwamba huyu ndiye mume wake. Ana orodha ya tarehe ambazo Henry atatokea. Orodha yenyewe aliandika kwa kuambiwa na Henry, na Henry anaijua kwa sababu Clare mkubwa alimpa. Sasa nani aliitunga? Hakuna. Ni duara. Katika duara hilo hakuna mahali ambapo msichana anasimama na kujiuliza, "Hivi mimi namtaka huyu?" Ameshaambiwa jibu kabla ya kuuliza swali.

Na sisi wa ualimu tusijifanye hatuoni. Mtu mzima anakutana na mtoto wa miaka 6 kwa siri, mtoto anamfichia nguo na chakula, nyumbani hawajui. Ingekuwa ni mwanafunzi wako darasa la kwanza anakusimulia hivyo, ungesema "jamani mapenzi haya"? Ungekimbia kwa mwalimu mkuu. Nampa Henry haki yake: hajipeleki pale, na anajizuia mpaka Clare anafikisha miaka 18. Lakini kujizuia kwake hakumrudishii Clare miaka aliyokua akiwa ameshapangiwa mtu. Na siku hiyohiyo ya kutimiza 18, baada ya kulala naye, Henry anaondoka, na hatamwona tena mpaka 1991. Zaidi ya miaka miwili, binti wa umri wetu, anahesabu siku.

Sasa angalieni jina la kitabu. Yeye ni msafiri, na huyu ni "mke wa". Jina hana! Clare ni msanii, anatengeneza karatasi kwa mikono na sanamu za karatasi, lakini mngapi mnakumbuka hilo? Mnakumbuka kusubiri kwake. Mimba zinatoka moja baada ya nyingine, mwili ni wake, damu ni yake. Anampata mtoto wao, Alba, baada ya mateso ambayo nikiyasoma nafunga kitabu kwanza. Halafu Henry anapotea wiki, anarudi na majeraha, anarudi miguu imeganda kwa baridi mpaka inakatwa, na Clare yupo mlangoni na taulo.

Najua mtaniambia Henry naye anateseka. Kweli anateseka, tena pengine zaidi. Hata anakufa akiwa na miaka 43, kwa risasi. Lakini mimi sibishani nani kaumia zaidi. Henry anaumia akiwa anakwenda, Clare anaumia akiwa amekaa. Na katika jamii zetu, kukaa na kuumia ndiyo kazi ambayo mwanamke anafunzwa tangu mdogo na kupigiwa vigelegele. Subira huvuta heri, unaambiwa kwenye kichen pati. Mvumilivu hula mbivu. Hakuna anayekwambia mbivu zenyewe ni lini, wala kama zitakuwa zimeoza.

Mtaniambia pia, "We dada, ni hadithi tu." Mbona hamsemi hivyo mnapotaka kupendwa kama Clare? Hadithi inapokufundisha kutamani ni maisha, inapohojiwa inakuwa hadithi tu. Chagueni moja. Humu humu hosteli tuna mwenzetu aliyekataa nafasi ya mazoezi ya kufundisha mkoani kwa sababu "yeye" huenda akaja Dar wikiendi. Hakuja. Tuna anayesubiri simu ya mtu aliyekwenda nje, mwaka wa tatu sasa, na ukimgusa anakutajia Henry. Simu haina ugonjwa wa kuruka wakati, wapendwa. Henry hakuwa na uwezo wa kubaki. Huyo wako ana uwezo, hataki tu.

Tuje kwenye mwisho, manake pale ndo wengi mnazimia. Henry anaacha barua ya kusomwa akishafariki. Ndani yake anamwambia Clare aache kusubiri, awe huru, aishi. Safi sana! Halafu barua hiyohiyo inamwambia kwamba amewahi kumwona mbele huko, akiwa bibi kizee. Yaani anamfungua kamba mkono wa kulia, anamfunga wa kushoto. Na Clare anafanya nini? Anasubiri mpaka ana miaka 82, ili wakutane kwa muda mfupi na Henry aliye na 43. Filamu ya 2009 haikuthubutu hata kuonyesha hilo, ikamalizia Clare akiwa bado kijana anakimbia uwanjani. Kwa nini? Labda kwa sababu ukimwona bibi yule kwenye kiti, kikombe cha chai mkononi, unaelewa bei iliyolipwa.

Na mwandishi mwenyewe hakuificha bei hiyo. Kitabu kinaanza na Clare akieleza ugumu wa kuachwa nyuma, na kinafungwa na maneno ya Homer, kwenye hadithi ya Odysseus na Penelope, mke aliyesubiri miaka ishirini. Niffenegger alituwekea alama mlangoni na alama dirishani. Sisi tunazipita mbio kuwahi kulia.

Kwa hiyo sisemi mkichome, wala sisemi msilie. Siku nikipewa darasa langu, nikakuta kitabu cha namna hii chini ya dawati la binti wa kidato cha tatu, sitamnyang'anya. Nitamwacha amalize, apenge kamasi, kisha nitamuuliza maswali mawili tu. Clare alitaka nini maishani kabla hajaambiwa anataka nini? Na wewe je?

Akishindwa la kwanza nitamwelewa, manake kitabu hakijibu. La pili ndo nitalisubiri jibu lake.

Wenye hasira karibuni, chumba mnakijua. Anayekuja aje na kitabu mkononi, siyo na filamu. Na jamani aliye na ile kopi airudishe, kuna mtu yupo kwenye foleni.

Naomba kuwasilisha.