MGENI NJOO, MWENYEJI APONE?

Kila serikali inapoamua kubinafsisha uchukuzi wa umma, wananchi huambiwa kwamba mwekezaji kutoka ng'ambo ataleta mtaji, magari mapya na nidhamu ya kazi. Hatupingi kwamba huenda akavileta. Tunalouliza ni hili: akishapokea leseni, atawajibika kwa nani?

Safari za kampuni ya Stagecoach zinatupa mfano. Ilianzishwa Scotland mwaka 1980 na Brian Souter pamoja na dada yake, Ann Gloag. Serikali ya Bi. Margaret Thatcher ilipofungua njia za mabasi kwa soko huria mwaka 1986, Stagecoach ilinunua kampuni kadhaa zilizokuwa mali ya umma. Kisha ikavuka bahari: Malawi mwaka 1989, Kenya mwaka 1991, New Zealand mwaka 1992, Ureno mwaka 1995 na Sweden mwaka 1996. Mwaka huo wa 1996 iliingia pia katika reli za Uingereza, ikaanza kuendesha treni za South West Trains.

Huko kwao, kampuni hii yenye nguvu ilikutana na waamuzi wenye filimbi. Katika mji wa Darlington ilibeba abiria bila nauli na kuwavuta madereva wa kampuni ya manispaa, hata kampuni hiyo ikaanguka. Mwaka 1995 tume ya kuchunguza ukiritimba ilitamka waziwazi kuwa mwenendo huo ulikwenda kinyume na maslahi ya umma. Mapema mwaka 1997, baada ya kupunguza madereva kupita kiasi, South West Trains ilifuta safari nyingi, na msimamizi wa mikataba ya reli akaitishia faini ya pauni milioni 1. Waamuzi hao walichelewa, na manispaa ya Darlington haikurudishiwa mabasi yake. Hata hivyo, raia walijua ni nani aliyekosa, na ofisi gani yenye mamlaka ya kumkemea.

Hapa Nairobi mambo yalikuwa mengine. Stagecoach ilinunua sehemu kubwa ya hisa za Kenya Bus Services, kampuni iliyoanza kubeba abiria jijini mwaka 1934. Jiji nalo lilikuwa limepewa robo ya hisa tangu miaka ya 1960, kwa niaba ya wakazi. Lakini mwaka 1991 wakazi hao hawakuwa na diwani hata mmoja waliyemchagua. Tangu mwaka 1983 Nairobi ilikuwa chini ya tume ya walioteuliwa, na kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee hakikufutwa mpaka Desemba 1991. Mkazi wa Kawangware au Dandora aliyeachwa kituoni angempelekea nani malalamiko yake?

Madiwani walirudi baada ya uchaguzi wa Desemba 1992. Wakati huo mabasi na matatu, zilizoruhusiwa kwa amri ya rais mwaka 1973, yalikuwa yakigombania abiria wale wale katika barabara zile zile mbovu. Soko lilikuwa huria kweli. Mwamuzi ndiye aliyekosekana. Mwaka 1998 mgeni aliuza hisa zake, akaenda zake. Abiria hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Reli nayo ikafuata njia hiyo. Mwaka 2006 Rift Valley Railways ilikabidhiwa reli ya Kenya na Uganda kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2017 mkataba huo ulivunjwa, na miaka yake mingi ilikuwa bado haijafika.

Kwa hiyo tunasema: mkataba wowote wa basi au treni usomwe hadharani kabla ya kutiwa sahihi. Nauli, idadi ya safari na adhabu ya kuzikatiza ziandikwe humo. Anayeusimamia awe mtu ambaye wananchi, kupitia wawakilishi waliowachagua wenyewe, wanaweza kumhoji na kumwondoa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hataponea adabu ya mgeni peke yake. Ataponea sauti yake mwenyewe ndani ya nyumba yake.