Pampu Inayoingia Si Lazima Iwe Yenyewe

Volkswagen ya mgongo wa chura, iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, haiwezi kulazwa leo kwa kukosa pampu ya mafuta. Kiwanda cha Puebla, Mexico, kilitoa gari la mwisho Julai 2003, lakini pampu zake bado zinatengenezwa na kuuzwa. Kinachowaponza wenye magari hayo ni wingi wenyewe wa spea, maana nyingi zinaingia hata mahali pasipo pake.

Shida huanzia kwenye fimbo ndogo ya chuma. Shafti ya distribyuta huisukuma fimbo hiyo, nayo hubonyeza wenzo unaochezesha diaframu ya mpira, petroli ikavutwa kutoka tangi la mbele hadi kabureta iliyo nyuma. Magari yenye dainamo hutumia fimbo ya milimita 108. Volkswagen ilipohamia alteneta mwanzoni mwa miaka ya 1970, pampu ililazwa kidogo ili ipishane nayo, na fimbo ikafupishwa hadi milimita 100.

Milimita nane tu! Na kwa kuwa pampu zote mbili zinafungika palepale, kosa halionekani kwa macho. Fimbo ndefu chini ya pampu ya alteneta huupiga wenzo kupita kiasi, diaframu ikachanika na petroli ikavujia kwenye oili. Fimbo fupi chini ya pampu ya zamani haisukumi vya kutosha. Gari linakohoa mlimani na kabureta isiyo na hatia inafunguliwa kila wiki. Fundi makini hupima kwanza: fimbo ikifika juu kabisa, ncha yake itokeze milimita 13 hivi juu ya gasketi. Kazi ya rula hiyo, si ya kompyuta.

Wapo wanaoamua yaishe kwa kufunga pampu ya umeme iliyong'olewa kwenye gari la injeksheni. Huko ni kucheza na moto, tena moto wa kweli. Pampu hiyo inaweza kusukuma kwa zaidi ya PSI 40, ilhali kabureta hii inataka tatu au nne. Sindano yake inashindwa kuzuia, petroli inafurika juu ya injini yenye joto. Pampu ya asili husimama injini inapozima. Ya umeme isiyo na swichi ya usalama huendelea kusukuma hata gari likiwa limepinduka.

Mpira wa diaframu nao una maswali yake. Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli kwenye petroli tangu 1982, na Uingereza ilipoleta petroli yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli mwaka 2021, serikali iliwashauri wenye magari ya kale wabaki na ile ya asilimia 5. Ethanoli huharibu baadhi ya mipira ya zamani, kwa hiyo diaframu iliyokaa kwenye pakiti miongo mitatu si hazina, hata kama pakiti ina nembo halisi.

Muuza spea anayejibu "hiyo inaingia" kabla hajauliza kama gari lina dainamo au alteneta hastahili kulipwa. Mnunuzi naye aende dukani na pampu yake kuukuu pamoja na fimbo. Ikiwa pampu hiyo ni ya aina iliyofungwa kwa skrubu, yaani inayofunguka, aulize kwanza bei ya diaframu na gasketi zake: mwili wake wa chuma huenda bado ni mzima kuliko pampu mpya inayong'aa juu ya kaunta.