Muulizeni na Mwenye Meza

Mei 2023 wafanyabiashara wenye maduka Kariakoo, Dar es Salaam, waligoma kufungua. Siku ya tatu Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa nao Mnazi Mmoja, mkutano ukirushwa mbashara. Walilalamikia kikosi kazi cha Mamlaka ya Mapato (TRA) na usajili wa stoo, wakasema kwa vinywa vyao wenyewe, na kikosi kazi kilisimamishwa. Walistahili kusikilizwa, na hilo halina ubishi.

Sasa rudi nyuma miezi 19. Oktoba 2021 wamachinga, wauzaji wadogo wa mitaa hiyo hiyo, walitakiwa kuondoka kando ya barabara. Taarifa za habari zilijaa wakuu wa mkoa na wilaya, wakieleza tarehe ya mwisho, usafi wa jiji na maeneo yaliyotengwa. Muuza viatu alionekana kwa sekunde chache akifunga mzigo wake. Picha yake ilikuwepo, sauti yake haikuwepo. Viongozi wa wamachinga waliitwa Ikulu Chamwino Januari 2022, meza zao za biashara zikiwa zimeshabomolewa.

Tofauti ya hawa wawili si ukubwa wa shida. Mwenye duka akifunga, Serikali inakosa mapato na mteja aliyetoka Zambia au Lubumbashi anarudi mikono mitupu. Machinga akikunja turubai lake, jirani anaitanua biashara yake na mtaa unaendelea. Mwenye uwezo wa kusimamisha mambo anaitwa mezani. Asiye nao anajadiliwa. Vyombo vya habari vingeweza kupunguza pengo hilo, lakini mara nyingi vinalipanua.

Sababu haihitaji msomi. Mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa habari moja moja, na nauli anatoa mfukoni. Ofisi ya mkuu inampa usafiri, ratiba na taarifa iliyokwisha andikwa. Magazeti na redio nazo zinaishi kwa matangazo ya taasisi za Serikali, benki na kampuni za simu. Mama lishe wa Gerezani, jirani na Kariakoo, hana tangazo la kulipia. Hakuna aliyekaa akapanga kumnyamazisha. Utaratibu wenyewe unamruka.

Na si jambo la jana. Serikali ya kikoloni ilianzisha gazeti lake la Kiswahili, Mambo Leo, mwaka 1923, na lilisomwa sana. Hata hivyo mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda, aliona Waafrika wa Dar es Salaam wanahitaji gazeti lao, akaanzisha Kwetu. Hakuwa tajiri. Alijua tu kwamba anayetawala hawezi pia kuachiwa kazi ya kumsemea anayetawaliwa.

Dawa ya leo ni nyepesi kuliko ya Fiah, maana magazeti na vituo vipo tayari. Habari ya kumhamisha mtu isitoke kabla mtu huyo hajaulizwa. Basi. Kumaliza jambo la wamachinga kwa kauli ya ofisi peke yake ni sawa na kusuluhisha ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji huku mpangaji amefungiwa nje.

Tumesikia visingizio. Muda hautoshi, wanasema. Lakini vyumba vikubwa vya habari viko Tabata na Mikocheni, na mwendokasi unaishia hapo hapo Gerezani. Wengine wanasema wamachinga wana viongozi wao. Wanao, na waulizwe, ila kiongozi wa chama si lazima ajue hesabu ya muuza soksi. Wapo pia wanaosema machinga anaogopa kutajwa. Basi asitajwe, maneno yake yaandikwe.

Aulizwe nini? Aulizwe mambo yanayopimika. Kwa siku anauza kiasi gani, analipa nini na anamlipa nani, mtaji ameutoa wapi. Na hili kubwa kuliko yote: akihamishwa, mteja atamfuata? Swali hilo moja lina thamani ya mabilioni. Machinga Complex ilijengwa Ilala, ghorofa juu ya ghorofa, na kwa miaka vizimba vingi vilibaki vitupu huku barabara za Kariakoo zikifurika. Muuza soksi yeyote angeweza kueleza sababu kabla ya tofali la kwanza: anayenunua soksi yuko njiani kwenda kupanda gari, hapandi ngazi kuzitafuta. Hata baada ya Oktoba 2021 wengi walirejea barabarani kwa sababu hiyo hiyo, na kila mara wanapoondolewa tena tunasoma habari ile ile yenye pengo lile lile.

Hatusemi kila machinga ana haki ya kuziba njia. Mtembea kwa miguu naye anahitaji njia, na mwenye duka anayelipa kodi ya pango ana hoja. Lakini msomaji hawezi kupima hoja tatu akiwa amepewa mbili.

Mhariri, habari ijayo ya kuwaondoa watu Kariakoo itakapofika mezani kwako bila neno la anayeondolewa, irudishe kwa mwandishi, na nauli umpe.