Mkebe wa Majani ya Chai

Wasomaji wetu wametuzoea kwa masuala ya mirathi na malezi. Leo tunakiri udhaifu wetu mmoja: tunapenda chai ya majani mazima, na wa nyumbani kwetu husema tumepita kiasi.

Chai nyingi ya Kenya hupitishwa katika mashine zenye rola za meno, ikakatwa, ikararuliwa na kuvingirishwa hata ikawa punje. Punje hizo hutoa rangi upesi na hufaa sana kwa chai ya maziwa, hatuzibezi. Zilizo ndogo zaidi, karibu na vumbi, ndizo hutiwa katika vifuko. Majani mazima hunyaushwa na kusokotwa bila ya kukatwakatwa, yakawa mfano wa nyuzi nyeusi. Yakimiminiwa maji ya moto hufunguka polepole ndani ya buli mpaka jani likarudi kuwa jani. Kijiko kimoja kidogo kwa kila kikombe, maji yaliyotoka kuchemka, dakika 3 hadi 4, kisha chuja. Yakiachwa kutokota hutoa ukakasi. Na kwa unyevu wa Pwani yetu, yahifadhiwe katika mkebe wenye mfuniko wa kukaza, mbali na iliki na karafuu, kwani majani ya chai huvuta harufu ya jirani.

Ajabu ni kuwa mnada wa chai ulihamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, na chai ya Kericho na Nandi, hata ya Uganda na Rwanda, hupita mlangoni petu ikielekea ng'ambo. Lakini majani mazima hayapatikani kwa kila muuza duka. Tukiyapata huyaweka akiba, wala bei yake hatuitaji nyumbani.

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Alasiri, tulijiwa na wageni. Mke wa mwanetu, ambaye hajatimiza miezi miwili kwetu, alitaka kutufurahisha. Akachukua majani yote yaliyosalia mkebeni, akayatia sufuriani pamoja na maziwa, tangawizi na sukari, akayachemsha kama alivyofunzwa kwao. Tulipoonja, tulitamka mbele ya wageni neno ambalo hatutaliandika hapa. Binti wa watu akainamisha kichwa, akarudi jikoni. Wageni walikunywa, wakaomba kikombe cha pili.

Usiku mama wa nyumba alituuliza swali moja tu. "Bwana, ile hadithi ya Abu Huraira, kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, hakupata hata mara moja kukitia chakula ila, akikitamani alikila na asipokitaka alikiacha, si ndiyo uliyowasomesha watoto wiki hii?"

Ndiyo hiyo. Tumeisomesha zaidi ya miaka 20.

Asubuhi, kabla ya kwenda madrasa, tulisimama mlangoni mwa jiko tukamtaka radhi, na mwanetu akisikia.

"Nimekusamehe, baba," alisema. "Lakini mkebe haukuandikwa kitu."

Kweli, haukuandikwa. Jumamosi tulileta pakiti nyingine, tukamtilia kikombe kitupu, bila ya maziwa wala sukari. Alikunywa nusu kwa adabu, akatutazama, kisha akauliza kama ni ruhusa kutia iliki.

Tulimsogezea iliki.