Msimpe Anayeanza Chuma Kibovu

Samahani kwa kimya cha wiki mbili, kazi za watu zilinibana. Leo nimerudi na hasira kidogo, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Kuna ushauri unaotolewa kila anapotokea kijana anayetaka kuanza elektroniki: "Nenda Luthuli, chukua chuma cha kulehemu cha mia tano, anzia hapo. Ukishajua, ndiyo ununue steshoni." Unasikika kama ushauri wa busara, tena wenye huruma kwa mfuko. Mimi nasema ni ushauri mbaya, na nimeutoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mwaka jana kijana wa jirani yangu hapa Tassia aliniona nikihangaika na kadude ka kupima maji kwenye tangi la juu ya paa (mnajua maji ya huku yanavyokuja kwa zamu). Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akanisihi nimfundishe. Nikamwambia anunue kile cha mia tano. Akanunua: wati 60, plagi ya pini mbili, basi. Wiki ya pili akaniletea bodi yake ya ESP8266. Viduara vya shaba vimebanduka, plastiki ya pini imeyeyuka. Akaniambia, "Braza, mimi sina mkono wa hii kazi." Akaacha.

Mkono alikuwa nao, nilimwona. Shida ilikuwa chuma.

Tuelewane kinachotokea. Chuma kisicho na sensa hakijui kina joto gani. Ukikichomeka kinazidi kupata moto mpaka joto linaloingia lilingane na linalopotea hewani, na kikiwa kimelala tu mezani ncha yaweza kupita nyuzi 400 za Selsiasi. Risasi ya kawaida ya 60/40, yaani bati sehemu 60 na risasi yenyewe 40, inaanza kuyeyuka kwenye 183, na kazi nzuri hufanyika ncha ikiwa kama 320 hadi 350. Ukizidi sana hapo, flaksi inaungua kabla haijasafisha shaba, ncha inakuwa nyeusi na kukataa kushika risasi, halafu gundi inayoshikilia shaba kwenye bodi inaachia. Ukigusa eneo kubwa la shaba mambo yanageuka: ncha inapoa na hakuna wa kuiambia hita iongeze moto. Kwa sisi waandika programu, ni kitanzi kinachoandika tu bila kusoma hata mara moja. Ungekubali msimbo wa namna hiyo kazini?

Najua mtakachosema. "Mbona mafundi wa Luthuli wanatengeneza kila kitu na vyuma vya bei rahisi?" Hebu nendeni mkatazame meza zao vizuri. Mafundi wengi wa simu wana steshoni, na kando yake mashine ya hewa ya moto. Anayebaki na chuma kitupu ni yule mzee wa redio, na huyo ana miaka mingi ya kujua lini achomoe plagi, lini afute ncha kwa kitambaa kibichi, lini aongeze flaksi. Yeye mwenyewe ndiye sensa. Sisi tunachukua chombo ambacho ni yeye tu anayekiweza, tunampa mtoto ambaye hajashika risasi maishani mwake, kisha akishindwa tunasema hana kipaji.

Halafu kuna wale wa video za ng'ambo: Hakko mpya kutoka Japani, la sivyo usinunue kitu. Hao nao wanipishe. Ni chombo kizuri sana, lakini kikifika hapa bei yake inakula kodi ya bedsita na zaidi.

Katikati kuna nakala za Hakko 936. Hakko wenyewe waliacha kuitengeneza wakaleta FX-888, ila viwanda vya China bado vinatoa nakala, na mjini nimeulizwa kati ya elfu tatu na tano. Tofauti yake na cha mia tano si urembo wa kisanduku. Hita yake ina sensa ndani, na transfoma inashusha umeme hadi volti 24 kabla haujafika mkononi mwako.

Lakini usinunue kwa macho. Inyanyue: transfoma ni nzito, hivyo 936 nyepesi kama kasha tupu ina walakini. Chomoa waya wa mkono uhesabu pini: tano, mbili za hita, mbili za sensa, moja ya waya wa ardhi. Mwambie muuzaji aiwashe. Taa ikianza kuwaka na kuzima baada ya muda, inadhibiti joto. Kisha ikiwa imechomolewa, pima kwa mita kutoka kwenye ncha hadi pini ya ardhi ya plagi. Usomaji uwe chini ya omu 2. Na zile zenye kitufe cha kuzungusha kwenye mpini, zikae kando. Nyingi kitufe hicho ni kama cha feni, kinapunguza nguvu tu, hakipimi kitu.

Hiyo pini ya ardhi si mapambo. Huku tumezoea kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Hivyo ncha inaweza kuvuja volti kwenye chipu yako, au kwako. Mimi nilipopima soketi yangu, kati ya laini na ardhi mita ilichezacheza badala ya kutulia karibu na 240. Waya ulikuwa haujaunganishwa popote! Keateka ameahidi fundi. Bado nangoja.

Kama stima inawasumbua, Pinecil ya Pine64, iliyotoka mwaka 2020, inafanya kazi hata na chaja ya zamani ya laptopu ya volti 19, ila ni ya kuagiza, na chaja ya pini mbili inakurudisha kwenye shida ileile ya ardhi. Mengine ni madogo: fungua dirisha kwa sababu ya moshi wa flaksi, nawa mikono kabla ya kula kwa sababu ya risasi.

Yule kijana nimezungumza naye. Alikataa, kisha akakubali. Nitachanga nusu, maana ule ushauri ulikuwa wangu. Jumamosi asubuhi tunapanda matatu kwenda Luthuli, mita iko tayari kwenye begi.